Kigari cha Viti Viwili

Mama mkwe wangu alipanda kutoka Kaoze, kule bondeni, mwezi wa saba, baada ya mavuno, akiwa amekuja kumchukua mtoto mmoja. Hakuficha. Alisema siku ile ile aliyofika, kabla hajavua koti. Huku Sumbawanga mwezi huo ni baridi na upepo, na watu wa bondeni hawaizoei.

"Mapacha ni mzigo kwa mtu mmoja," aliniambia. "Baba yao hashindi nyumbani. Mmoja nitakaa naye mpaka afike umri wa shule. Wewe angalia ni nani."

Nilikuwa nachambua maharage. Nikasema, "Sawa mama." Ndivyo nilivyozoea kumjibu tangu niolewe. Hata shuleni, miaka yote saba, sikumbuki kunyoosha kidole. Nikiulizwa nilijibu, nisipoulizwa nilikaa.

Jioni nilimweleza mume wangu, ambaye ni fundi ujenzi na hutoka asubuhi na kurudi giza likiingia. Akasema, "Mama hana nia mbaya. Akiona unawaweza wote wawili, ataacha mwenyewe." Nikayashika maneno hayo. Sikutaka mtoto wangu yeyote aondoke, lakini sikujua namna ya kulisema hilo. Kumwonyesha kwa vitendo niliona kunawezekana.

Wanangu wote ni wa kiume. Walikuwa wametimiza miaka miwili na miezi michache. Kila mmoja peke yake alikuwa mtoto wa kawaida. Wakiwa wawili, mmoja akienda kulia mwenzake anakwenda kushoto. Nikimbeba mmoja mgongoni na kumshika mwingine mkono, yule wa mkono anakaa chini barabarani na kukataa kuinuka, kwa sababu na yeye anataka mgongo.

Wiki hiyo hiyo ikaja michezo ya watoto mjini. Ni watu wanaozunguka mikoani na vitu vyao kwenye malori. Walizungushia uwanja mmoja mabati, wakafunga treni ndogo, bembea ya kuzunguka, na nyumba ya mpira ya kurukia, ile inayojazwa upepo kwa jenereta. Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu mara mbili.

"Jumamosi tuwapeleke," mama mkwe alisema. Kisha akaongeza, "Nione."

Nilijua anataka kuona nini.

Tulikuwa na kigari cha watoto cha mtumba, cha viti viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu. Mume wangu alikinunua Tunduma watoto walipozaliwa. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limekufa, akafunga la baiskeli ya mtoto, kwa hiyo kilikuwa kinavuta upande kidogo. Nilikitumia uani tu. Nilipojaribu kukitoa barabarani mara ya kwanza, watu walisimama kutazama, na watoto wa shule walinifuata mpaka sokoni. Sikukitoa tena.

Sasa nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Niende na kigari chetu, nitazamwe njia nzima, au nikiache nyumbani na kukodi kule kule. Jirani aliniambia getini wana vigari vya kukodi.

Ijumaa nilipotoka sokoni nilipitia uwanjani. Vigari vya kukodi vilikuwepo vinne, vya kiti kimoja kimoja, vimepangwa kando ya kijana aliyevaa kofia ya sufu. Ningeweza kumwuliza kama vya viti viwili vinaingia. Badala yake nilisubiri watu wapungue, nikapita getini polepole kama mtu anayetaka kuchungulia, nikipima kwa nyayo zangu. Geti lilikuwa la mabomba mawili, nafasi ya nyayo tatu. Nyumbani nikapima kigari chetu. Nyayo tatu na kiganja.

Basi nikaamua. Hakipiti, nitakodi viwili, kimoja nisukume na kingine nivute. Mchana ule, mama mkwe alipokwenda kuwasalimia ndugu, nilijizoeza uani. Nilisukuma kigari chetu kwa mkono mmoja na kuvuta kiti cha plastiki kwa mkono wa pili, nikizunguka kisima. Kiti kilianguka mara nyingi. Nilijiambia vigari vina magurudumu, havitaanguka.

Jumamosi tulikwenda kwa bajaji, sisi wawili na watoto, bila kigari. Tulipofika, foleni ilikuwa ndefu, na kando ya yule kijana kulibaki kigari kimoja tu.

"Shikamoo mama," kijana alimwamkia mama mkwe, kisha akanigeukia. "Dada, unachukua? Ndiyo hiki hiki, vingine vimeshaingia."

Nilikichukua. Nikamweka mmoja, nikamfunga mwingine mgongoni. Aliyekuwa mgongoni aliiona treni akaanza kusukuma kwa magoti, akijirudisha nyuma kwa nguvu zake zote. Nikamshusha. Yule wa kwenye kigari alipoona mwenzake ameshushwa, akalia ashushwe. Nikawabadilisha. Ikawa hivyo hivyo. Tulikuwa bado hatujatembea hata hatua kumi kutoka getini.

Mama mkwe alisimama akitazama, mikono ndani ya koti.

"Nipe mmoja," alisema.

Nilijua nikimpa pale, nimempa. Nikamwambia asubiri kidogo, nikarudi kwa kijana. 

"Samahani kaka. Nyumbani nina kigari cha viti viwili. Kingeweza kuingia hapa?"

"Kwa nini kisiingie?"

"Geti ni dogo."

"Hili la watu ndiyo dogo. Kule kwenye jenereta tunafungua bati, lori lenyewe linapita." Alinitazama. "Dada, si ungeuliza? Jana si nilikuona ukipita hapa kama unahesabu kitu?"

Nilirudi kwa mama mkwe, nikamwambia nakwenda kuchukua kigari na ninamwomba akae na watoto. Alisema, "Nenda." Nilipanda bodaboda.

Kurudi ilibidi nitembee, kwa sababu kigari hakipandi pikipiki. Nilikisukuma kikiwa kitupu, gurudumu la baiskeli likikivutia kwenye mtaro kila wakati. Kwenye kijiwe cha bodaboda wakaniona kutoka mbali.

"Mama, abiria umewashushia wapi?" mmoja alipiga kelele.

Mwingine akadaka, kwa sauti ile ya wapiga debe wa stendi. "Bado wawili! Bado wawili gari iondoke!"

Siku nyingine ningeinamisha kichwa na kupita upande wa pili. Siku hiyo nilikuwa na haraka, na maneno yalinitoka kabla sijayafikiria.

"Wako kwa bibi yao, ndiyo nawafuata! Na wewe unapanda au unapiga kelele tu?"

Kijiwe kizima kilicheka. Yule wa kupiga debe alishuka kwenye pikipiki yake, akashika kigari mbele, tukakivusha mtaro pamoja. "Safari njema, dereva," alisema.

Kijana wa kofia ya sufu alinifungulia bati. Nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye nyasi kavu. Koti alikuwa amelivua, na jasho lilimtoka pamoja na upepo wote ule. Mtoto mmoja alikuwa kwenye kigari cha kukodi. Mwingine alikuwa amefungwa khanga kiunoni, na ncha ya pili ya khanga ilikuwa mkononi mwa bibi yake.

"Huyu amekwenda kwenye jenereta mara tatu," alisema. "Huyu amevua viatu, kimoja hakionekani."

Nilidhani sasa ataelewa kwamba si mimi nisiyejua kulea. Lakini yeye aliona lingine kabisa.

"Umeona mwenyewe, mwanangu. Hawa ni wengi. Jumatatu ninaondoka na mmoja."

Nilikuwa nafungua mikanda ya kigari. Nikasema bila kumtazama, "Mama, sitoi mtoto."

"Umesemaje?"

"Sitoi mtoto yeyote. Wakinishinda nitakwambia. Bado hawajanishinda."

Nilimweka mmoja kushoto, nikamfungua yule wa khanga, nikamweka kulia. Walianza kupigania kitambaa kilichokuwa katikati, kama walivyozoea.

"Mbona nilipofika ulisema sawa?"

"Niliogopa kukataa, mama."

"Nami nikajua tumekubaliana. Kabla sijapanda huku nimeshawaambia majirani naleta mjukuu. Fundi ameshaanza kitanda." Alikunja khanga yake mara mbili, tatu, mpaka ikawa ndogo. "Tangu baba yenu afariki, ile nyumba jioni hakuna hata wa kumwambia afunge mlango."

Hilo la upweke sikuwa nalijua. Nilifikiri amekuja kwa sababu ananiona mimi sifai. Naye miezi yote tangu afiwe na mume hakumwambia mtu kwamba nyumba imemwelemea, akasema mapacha ni mzigo. Nilikaa kwenye nyasi kando yake. Baadaye kidogo nilikiona kiatu kilichopotea, kilikuwa chini ya kigari cha kukodi.

Tuliwapeleka kwenye treni. Nilisukuma mimi, na mama mkwe akatangulia akisema "Pisheni, pisheni," kwa sababu kigari kilijaa njia. Walipanda treni mara mbili, wote wawili kwenye behewa moja. Nyumba ya mpira waliiogopa. Mama mkwe alinunua mahindi ya kuchoma tukala tumesimama, akaniomba ajaribu kusukuma kigari. Kilimvuta upande, akakirudisha njiani.

"Hiki kinapanda basi?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Utauliza. Leo nimekusikia unaweza."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, barabara nzima, na watu walitazama. Watoto walilala kabla ya kufika, na mama mkwe alivua koti lake tena akawafunika wote wawili.

Jumatatu nilimsindikiza stendi. Watoto niliwaacha na baba yao, aliyechelewa kwenda kazini kwa ajili hiyo. Mama mkwe alipanda na begi lake na mfuko wa viazi nilioununua njiani, akakaa dirishani. Hakusema lolote juu ya mtoto, ila alikitazama sana kile kiti kilichokuwa kitupu kando yake. Nilimfuata kondakta, aliyekuwa anafunga mizigo nyuma ya gari.

"Kaka, kigari cha watoto mnapakia? Cha viti viwili, kipana."

"Kinakunjika?"

"Kinakunjika, ila gurudumu moja linabaki nje."

"Kinakwenda kwenye buti. Watoto mtawapakata. Lini?"

Nilirudi dirishani nikamwambia mama mkwe kinapanda, na kwamba nitakuja nao wote wawili mwezi wa nane, tukae mpaka baba yao atakapotufuata mwisho wa mwezi.

"Mwezi mzima?" aliuliza.

"Mwezi mzima, mama."

Aliuliza tena kama mume wangu analijua hilo. Nikamwambia bado, nitamwambia leo. Basi likawashwa, naye akafunga dirisha kwa sababu ya upepo.