Jibu Ambalo Scola Hakulingoja

Scola hamuulizi tena mtu habari. Wafanyakazi wapya wa ile nyumba ya watu wenye ulemavu, kule Berea ugenini, humwona ana maringo. Msimamizi gani huyu anayepita asubuhi bila salamu? Wangejua, wangemhurumia.

Januari ile ya wimbi la pili la korona, watunzaji wake tisa walibaki sita, wote Wakongo na Watanzania. Scola, mwanamke wa Bukoba asiyejua kukaa, alijisifu kwamba hakuna mkaazi aliyelala na njaa. Kila asubuhi alitakiwa kumuuliza kila mtunzaji: una homa, unakohoa, unasikia harufu? Kisha ajaze fomu. Haraka ilimzidi. Akawa anauliza, "Habari yako?" Akijibiwa "Nzuri," anatia tiki kote.

Nasi tunajuana. Mtu wetu hata nyumba yake ikiungua ataanza na nzuri. Ya kweli huja nyuma, baada ya "ila". Anayeitaka hana budi kusimama.

Colette, Mkongo wa Bukavu, ndiye aliyekuwa akimlisha mzee Eddy, asiyesema wala kuinua mkono. Jumatatu moja alikuwa koridoni na kikombe cha uji, barakoa imempanda mpaka chini ya macho.

"Nzuri, mama Scola," alisema. "Ila..."

Scola alishakata kona. Alilisikia lile "ila". Hilo ndilo linalomtafuna: alilisikia vizuri kabisa, akajiambia atarudi akishawaogesha wa ghorofani. Hakurudi. Kesho yake Colette akaanguka bafuni, na Jumapili akafa hospitalini peke yake, maana wageni hawakuruhusiwa.

Matanga yalifanyika kwa simu. Watu wakasema, mficha maradhi kifo humuumbua, mwanamke gani anakwenda kazini anaumwa! Scola alikuwemo kwenye simu hiyo, akanyamaza. Tangu siku hiyo, akipita koridoni na sinia la chai, analisikia lile neno nyuma yake, zito, limezibwa na barakoa. Husimama akingoja limalizike. Chai hupoa mikononi mwake.

Wiki ya tatu Barthélemy, mume wa Colette, fundi simu wa mtaa wa South Beach, alikuja kuchukua vitu vya marehemu. Scola alimpelekea getini viatu na kitenge ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama Scola, nikuulize kitu moja," akasema Barthélemy. "Dimanche, ile Jumapili ya mbele ya kuanguka, tuliongea, alikuwa muzima. Kumbe iko mgonjwa, anaficha. Na weye alikuficha?"

Angesema ndiyo, yangekwisha. Hakuna mwingine aliyejua. Angerudi na cheo chake na sifa yake, na Colette angebaki mficha maradhi milele. Scola aliogopa.

"Hakuficha, shemeji," akasema. "Alianza kuniambia, mimi sikusimama. Fomu nilijaza mwenyewe kuwa ni mzima. Nitukane, nimestahili."

Barthélemy hakumtukana. Alikaa chini palepale getini, mfuko mapajani, akaanza kuufungua na kuufunga.

"Siku ya kumuzika sikulia," akasema hatimaye. "Nilimukasirikia, mama. Nilisema, aende, si ni kichwa yake ngumu imeniachia watoto? Wakaniita nitupe udongo. Nilikataa."