Makosa Yaliyofutwa ya Lori Namba Nne

Karakana nzima ilimwita Daktari, ingawa hospitali alikwenda kama watu wengine, kupanga foleni. Alikuwa fundi wa mifumo ya umeme ya mitambo mizito, mwanamke mfupi mwenye grisi kwenye kucha na laptopu iliyopasuka kona moja. Alichomeka waya chini ya usukani wa lori la mawe, akangoja kidogo, na lori likamweleza linaumwa wapi. Madereva waliozoea kuzungumza na mitambo kwa mateke walimheshimu kwa hilo, japo mateke hawakuyaacha.

Programu ya laptopu ile ilisema lugha ya kigeni, tena ya kitaalamu, inayomkausha mtu ubongo. Daktari akaitafsiri mwenyewe na kuandika kwa chaki ukutani ili wenzake nao waelewe. Kosa hai ni lile lililopo sasa hivi, taa yake inawaka. Kosa lililolala ni lile lililotokea likapita, lakini kompyuta ya lori inalikumbuka. Idadi ni mara ngapi limetokea tangu kumbukumbu ifutwe. Neno hilo la tatu alilieleza kwa madaha kuliko yote, na ndilo alilokuja kulipuuza yeye mwenyewe.

Maana msimamizi wa machimbo alitaka skrini safi kila asubuhi. Lori lenye orodha ya makosa lilidai karatasi tatu na sahihi mbili kabla ya kuruhusiwa kupanda mlimani, na bwana yule alizichukia karatasi kama mtoto anavyochukia sindano. "Futa yaliyolala, watu waende kazini," alikuwa akisema huku anatazama saa. Mwanzoni Daktari alisoma kwanza, ndipo akafuta. Malori yakawa kumi na moja, asubuhi zikawa fupi, kidole kikazoea njia. Programu ilihifadhi nakala ya kila orodha kabla ya kuifuta. Nakala zikajaa kwenye folda moja, na hakuna aliyezifungua.

Lori namba nne liliendeshwa na mjomba wake. Ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, ndiye aliyempa bisibisi ya kwanza na redio mbovu ya kuchokonoa. Alibakiza miezi minne astaafu. Siku moja alishuka kwenye lori polepole, akamvuta mpwa wake kando.

"Daktari wangu, hebu liangalie hili jamaa. Safari mbili za kwanza halina neno. Nikishuka ya tatu, ya nne, breki inakuwa laini, taa inamulika kidogo, halafu inazima. Nikifika chini imerudi kama si yeye."

Kesho yake asubuhi Daktari alilipima lori likiwa baridi uani. Breki zilishika, skrini ilikuwa nyeupe, kwani alikuwa ameshaifuta nusu saa kabla.

"Mjomba, lori ni zima kabisa. Labda ni mguu wako umechoka."

Madereva waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mjomba naye alicheka, ila akacheka akitazama kiatu chake. Hakulalamika tena.

Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja, saa nne na dakika chache, laptopu ikagoma kuhifadhi kitu chochote kwa kukosa nafasi. Daktari akaketi kwenye benchi la karakana aanze kutupa nakala za zamani. Akafungua moja ya namba nne, kwa kutaka tu kuhakikisha ni takataka. Shinikizo la mafuta ya breki chini ya kiwango. Limelala. Idadi: tisa.

Tisa kwa siku moja. Akafungua ya siku iliyofuata: kumi na moja. Nyingine: kumi na nne. Kila nakala ilikuwa na kosa lilelile, na kila mara mafuta yalikuwa ya moto. Kila asubuhi alikuwa amerudisha hesabu kwenye sifuri, na kila jioni lori lilikuwa limeianza upya, kubwa kidogo kuliko jana. Ya mwisho, ya asubuhi ileile, ilisema thelathini na moja.

Akatazama ubao wa safari. Namba nne ilikuwa safari ya nne.

Aliinuka kwa kishindo, benchi likaanguka. Redio ya mawasiliano ilikuwa mezani, akainyakua na kubonyeza kitufe.

"Namba nne, namba nne! Mjomba, usishuke!"

Redio ilikwaruza. Sauti ikaja, tulivu kwa namna iliyomtisha zaidi.

"Nishaanza, mwanangu."

"Simama hapo hapo!"

"Ndilo ninalojaribu."

Redio ikakatika. Daktari akatoka mbio. Barabara ya machimbo ilishuka kutoka mlimani hadi kwenye mtambo wa kusaga mawe, na pale chini walikuwapo watu wanane na koleo zao. Aliliona lori likitokea kwenye kona ya juu, limejaa pomoni, linakuja kwa mwendo usio wake, honi imeshikiliwa bila kuachiwa. Alitaka kufumba macho akashindwa. Aliona anastahili kulazimika kuangalia. Watu wakatawanyika. Katikati ya mteremko, kando ya barabara, palikuwa na tuta la mchanga lililowekwa kwa ajili ya shida kama ile, na halikuwahi kutumika. Lori likayumba, likakata kushoto, likazama kwenye tuta hadi usawa wa taa. Mawe yakamwagika kwa mngurumo. Vumbi likafunika kila kitu, na kwa muda mrefu mno mlango wa dereva haukufunguka.

Ukafunguka. Mjomba alishuka kinyumenyume, ngazi baada ya ngazi, paji la uso likivuja damu. Akakaa chini mchangani.

Msimamizi alifika akihema, na hofu yake ikageuka hasira, maana ndiyo aliyoizoea.

"Mzee umechoka! Nilishasema huyu amechoka! Utaniulia watu. Funguo nipe, leo leo unaondoka." Akamgeukia Daktari. "Wewe, chomeka. Kompyuta inasemaje?"

Mjomba alikuwa akikitazama kiatu chake cha kulia.

Daktari alisimama amekumbatia laptopu. Hata hakujua kwamba alikimbia nayo. Aliwaza mabinti zake wawili, sare za shule, chumba cha kupanga. Kosa lingeonekana la leo tu, kama jambo la ghafla. Hizo nakala alikuwa anakwenda kuzitupa hata hivyo, na kuzitupa kungechukua sekunde mbili. Kidole kiliijua njia. Aliogopa kuliko alivyoogopa lori lilipokuwa likishuka, na alijionea aibu kwa kuogopa hivyo.

Akapiga magoti mchangani, mbele ya mjomba wake, akaifungua folda na kuigeuza skrini wote waione.

"Breki zinakosa shinikizo mafuta yakipata moto," alisema, sauti ikikatika. "Siku ishirini na mbili. Lori lilisema kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nafuta. Nilifuta bila kusoma."

Msimamizi, mkono ukiwa bado umenyooshwa kungoja funguo, akakumbuka ni nani aliyetaka skrini safi, akaurudisha mfukoni.

Mjomba aliitazama orodha kwa muda mrefu, akifuata tarakimu kwa kidole chenye damu, kutoka tisa hadi thelathini na moja. Machozi yakamlengalenga. Wiki tatu alikuwa akiamka alfajiri na kuukanda mguu wake kwa mafuta ya moto, mkewe asijue.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "haukuwa mguu wangu."