Jiwe Lililokataa Kuuzwa

Tulikuwa watu watatu na tulipiga roki, katika mji ambao bendi zote zilipiga rumba. Mpiga gitaa alikuwa mtoto wa Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alisoma nje miaka kadhaa, akarudi na gitaa la umeme, sanduku la kaseti na kiburi ambacho sikukichukia. Mwimbaji wetu, ambaye pia alipiga besi, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Mimi asubuhi nilikata minofu ya sangara kiwandani, jioni nilipiga dramu. Watu walishangaa kumwona msichana nyuma ya dramu, lakini wimbo mmoja tu ulitosha kuwanyamazisha.

Mazoezi tulifanyia stoo nyuma ya duka, katikati ya mifuko ya saruji. Siku moja mpiga gitaa alizima amplifaya na kutugeukia.

"Nyimbo moja moja zimenichosha," alisema. "Tutengeneze kaseti mbili zenye hadithi moja, tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Halafu hadithi hiyohiyo tuipige filamu."

Mwimbaji akacheka. "Filamu tena? Sisi ambao hata spika tunaazima?"

"Hadithi gani?" niliuliza.

Hakuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mimi.

Nimekulia Ilemela, juu ya mawe. Jiwe kwetu lilikuwa sehemu ya nyumba. Mama alianika dagaa juu yake, sisi tuliteleza juu yake, wageni walikaa juu yake. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa: viwanda vya serikali, maghala, na viwanja ambako juzi tu ng'ombe walikuwa wanachungwa. Mtaani kwetu walishaanza kuja watu wa nyundo kupasua mawe yawe kokoto. Kwa hiyo nikawaambia: kuna jiwe kubwa kilimani, linasikia kwamba limepata mnunuzi. Halisubiri. Linang'oka na kuteremka kwenda ziwani. Kaseti ya kwanza ni safari ya jiwe, ya pili ni watu walioamka wakakuta shimo.

Mwimbaji aliacha kucheka. "Hao wa kaseti ya pili nawajua," alisema. "Niachieni mimi."

Tulirekodi Jumapili, maana siku nyingine mafundi wa kuchomelea jirani hawakutuachia hata dakika ya ukimya. Nyimbo zilifuatana bila kukatika, kwa hiyo umeme ukikatika tulianza upande mzima upya. Hatukulalamika. Mwimbaji alitunga wimbo wa mtu anayeendelea kuvaa sare ya kiwanda kilichofungwa. Siku ya kuurekodi alikuja amevaa yake, imepigwa pasi.

Kaseti ya kwanza tuliipeleka redioni. Mtangazaji aliisikiliza kidogo, akaipeleka mbele, akasikiliza tena.

"Wimbo wa kupiga hewani ni upi hapa?"

"Yote ni wimbo mmoja," mpiga gitaa alijibu.

Akaturudishia kaseti yetu kwa adabu. Tulitoka nje tunacheka. Mtu huwezi kuvunjika moyo kwa kitu ambacho una hakika nacho, na sisi tulikuwa na hakika.

Aliyekubali kutupigia filamu alikuwa mpiga video wa harusi. Kila alipoona mtu anatembea alimfuata taratibu mpaka mlangoni, kama bibi harusi. Jiwe tulilitengeneza wenyewe, kwa fito, magunia na karatasi za mifuko ya saruji zilizobandikwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha tukalipaka rangi. Lilipokauka mama mmoja jirani alitaka kutua ndoo yake juu yake. Nilimwahi.

Tulihitaji pia mwanamke wa kulilia jiwe lake lililoondoka. Mpiga gitaa akaenda mwenyewe kumwomba mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnataka nilie mbele ya kamera."

"Ndiyo mama. Jiwe lako limeondoka."

"Mimi siwezi kulilia jiwe. Nitaligombeza."

Na aliligombeza. Alisimama kwenye shimo lililoachwa na wapasua kokoto na kusema kwa Kisukuma, bila kuandikiwa neno, jinsi watoto wake walivyokula kwa sababu ya jiwe hilo, na ni nani aliyeliruhusu kuondoka bila kuaga. Mpiga video alisahau kumfuata mtu yeyote, akabaki ameshika kamera bila kutikisika. Hatukukata hata neno moja.

Sehemu ya mwisho, jiwe lilipaswa kuzama. Tulilisukuma majini, likaelea. Upepo ukalichukua. Mwimbaji alirukia mtumbwi wa wavuvi na kulifukuza kwa kasia, huku mpiga gitaa ameshika kichwa ufukweni.

"Tumeharibikiwa! Jiwe gani linaelea?"

"Liache lielee," nilimwambia. "Limekataa kuuzwa, lishindwe kukataa kuzama?"

Alinitazama, kisha akalitazama jiwe lake likipepesuka kuelekea visiwani. Wimbo wa mwisho alikuwa ameutunga wa polepole, kama wa msibani. Wiki ileile niliupigia mapigo ya haraka, naye akaifuata dramu bila kubisha.

Tulionyesha kwanza kwenye ukumbi mmoja Kiseke, Jumamosi mchana. Tulipojaribu tuligundua kwamba kaseti na video haziendi pamoja: jiwe lilikuwa limefika ziwani, wimbo ungali kilimani. Tukaamua kupiga wenyewe, moja kwa moja, chini ya televisheni. Baba yake mpiga gitaa alikuja na mke wake wakakaa mbele, yeye amekunja mikono.

Nusu ya kwanza hakuna aliyecheza wala kupiga makofi. Sikutetereka. Niliona macho yao, hayakuondoka kwenye televisheni. Tulipofika sehemu ya mama tukanyamaza ili asikike, na ukumbi ukaanza kumjibu. Wanawake walisimama, wakamwambia kwa Kisukuma kwamba na wao wamepotelewa. Mwimbaji alikuwa aingie mara tu mama akimaliza. Nilimzuia kwa fimbo ya dramu mpaka watu wakae, ndipo nikamwachia. Jiwe lilipoelea, ukumbi ulilipuka.

Baba yake mpiga gitaa alikuja tunafungasha. Tulisimama kama wanafunzi.

"Mifuko yangu inaogelea vizuri," alisema. "Safari nyingine chukueni mipya."

Tukaenda kuonyesha Buhongwa pia, kwa pikapu ya duka. Mama alikataa kukaa nyuma na spika. "Anayekwenda kutazamwa ni mimi," alisema, akapanda mbele.

Bendi yetu ilidumu miaka michache tu baada ya hapo. Mpiga gitaa alihamia Dar kufungua duka la familia, mwimbaji akachukuliwa na bendi ya rumba na akafurahi huko, nami niliendelea na dramu kwa yeyote aliyenihitaji. Kaseti zetu zilirudufiwa na kila mwenye redio ya mikanda miwili, nikazisikia saluni na kwenye meli. Filamu ilizunguka nyumba hadi nyumba mpaka picha ikawa chenga tupu. Hata hapo watu walikuja kuiazima, maana sauti ya mama ilikuwa bado inasikika vizuri.