Mita Mbili, Waya Mmoja

Juzi, katika duka moja hapa Sumbawanga, nilimkuta fundi umeme, mama wa makamo, akichagua mita ya kubana, ile inayokumbatia waya na kusoma umeme unaopita. Alikuwa njiani kwenda Muze kupima mota ya mashine ya kusaga.

Akaomba birika la umeme liwashwe, kisha akabana mita mbili mpya kwenye waya uleule. Moja ikasoma tisa, nyingine sita.

"Kaka, ipi inasema kweli?"

Muuzaji akaziangalia zote mbili kwa huruma. "Dada, wewe weka saba na nusu."

"Mota haijui suluhu, kaka. Ukiidanganya, inaungua." Akazirudisha kwenye maboksi, akaenda duka la jirani.

Sikumlaumu muuzaji. Ni sisi wateja tuliomzoesha kwamba kila ubishi dukani unaisha kwa kukutana katikati.