Kiti cha Mama Mkwe

Nakumbuka mwaka ule tuliokula unga wa njano wa msaada, ugali wake unanuka gunia. Nilikuwa na miaka mitatu tu ya ndoa, hapa hapa Mgwashi.

Mama mkwe wangu, mwanangu, alikuwa akishuka bondeni kila asubuhi na jembe, anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe. Mimi nikaona aibu. Nilijua majirani wananisema kwamba namtumikisha bibi kizee. Siku ya kazi za shamba la kijiji, balozi wa nyumba kumi alipokuja kuita majina, nikamwambia amfute mama, amechoka. Kumbe ananisikia.

"Miguu yangu haijakutuma," akaniambia mbele ya balozi. "Sikai."

Balozi alifuta. Mume wangu akamchongea mama kiti, mimi nikaficha jembe darini, mpaka akakaa. Kanisani nikasifiwa mpaka kichwa kikavimba.

Mvua za vuli hazijaisha, akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Akatia chumvi kwenye chai. Siku moja akapotea njia ya chooni, choo kile kile alichokichimba na marehemu mumewe. Mawifi zangu wakaanza kunitazama mikono nikisonga ugali, wananusa sahani kabla ya kuonja. Mimi nikaushuku unga. Kila mtu alikuwa na wake wa kumshuku. Kiti hakuna aliyekishuku.

Mganga wa zahanati aliuliza jambo moja tu, kama bibi anatembea. Nikasema anakaa. Akasema mwili ukifanya kazi damu inafika vizuri kichwani, na kichwa cha mtu wa kukaa tu kinasinzia. Nilidhani ananizungusha kwa sababu dawa zimemwishia. Hata hivyo jembe nikalitoa, nikamshika mkono kila asubuhi mpaka bondeni. Akili yake haikurudi yote, ila ilirudi ya kutosha kuniita kwa jina langu, na kunitukana kwa kumfichia jembe.

Sasa wewe umeniletea sofa kutoka Lushoto, na bodaboda ya kunipeleka kanisani. Asante, ila nakushuku. Usimpende mzee kwa kumkalisha. Mwache apande mlima wake. Na wewe unayeshinda kitini ofisini, nyanyuka utembee, kichwa chako nacho kinakutegemea. Mungu akupe magoti ya kukufikisha uzeeni, na akili ya kujua kwamba umefika.

Sofa mpe paka. Miguu yangu haijakutuma. Sikai.