Punje ya Bluu Kwenye Mtungi wa Mama

Siku nilipomwona mdogo wangu chini ya hadubini, alikuwa keshazikwa miaka mingi.

Tulia kwanza. Sijachizika.

Nafanya kazi maabara. Wachimbaji wa mambo ya kale hutuletea vigae vya vyungu vya watu wa pwani walioishi zamani mno. Nakikata kigae, nakisugua mpaka mwanga unapenya, kisha nachungulia: mchanga gani, makombe gani ya baharini, udongo wa wapi.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Alipofariki, mtungi wake wa maji ulipasuka katika purukushani za msiba. Nikachukua kigae kimoja, eti nikakilinganishe na vile vya kale. Kusema kweli, nilitaka tu awe karibu yangu kazini.

Kinyongo nilikuwa nacho pia. Mdogo wangu alipokufa kwa homa, mama hakudondosha chozi mbele yetu. Nguo zake akazigawa. Kijungu alichofinyanga mtoto mwenyewe, kimepachikwa shanga za bluu, kikatoweka. Jina lake halikutajwa tena nyumbani.

Nikasema huyu mama ana roho ngumu.

Basi, nikachungulia kigae chake. Mchanga. Makombe. Halafu vipande vyekundu vya chungu kingine, na kwenye kimoja, punje ya bluu.

Nikamwita bosi.

"Hivyo vyekundu ni chungu cha zamani kilichotwangwa," akasema. "Hata wale wa kale walichanganya hivyo, chungu kipya kisipasuke motoni. Ila hiyo bluu ni kioo. Hiki umekitoa wapi?"

Nikatoka nje kumpigia mama mdogo.

"Mama mdogo, kile kijungu cha shanga kilienda wapi?"

"Alikitwanga mwenyewe, akakitia kwenye udongo wa mtungi. Nikamwambia, dada, lia basi. Akasema, nikianza sitanyamaza, na huyu aliyebaki nitamleaje?"

Aliyebaki ni mimi.

Miaka yote hiyo mama hakunywa maji ya chombo kingine. Tukimtania, mama, friji ipo, anatabasamu na kuchota mtungini.

Nililia pale kwenye ngazi za maabara, huku nikimweleza nilichokiona kwenye kigae. Mlinzi akajifanya anasoma simu.

"Vilivyobaki usivikate," mama mdogo akaniambia. "Niletee nivitwange. Udongo ninao."

Wewe unayesoma, asiyelia mbele yako usidhani kasahau. Muulize angali hai. Mimi jibu nimelipata kwa hadubini, na wa kumkumbatia hayupo.