Fainali ya Msangano

Jumatatu moja alfajiri, hapa kwenye mgahawa wangu Tunduma, dereva mmoja wa lori aliniomba nisibadilishe stesheni. Wamarekani walikuwa wanacheza fainali ya mpira wao ule wa kukumbatiana, mpira wenyewe umechongoka kama yai. Sheria zake sijui hata moja. Lakini pointi zilikuwa zimelingana, dakika zinayoyoma, na kijana mmoja mwenye kofia ngumu alipiga magoti akaficha uso. Chapati yangu ikaungua. Ndugu yangu, mimi fainali zilinikomesha nikiwa na miaka tisa.

Kwetu ni Msangano. Tukishavuna mpunga, vijiji vilikuwa vinashindania ng'ombe dume, na hapo hakuna aliyeongea habari nyingine. Sisi watoto, tulioshinda mashambani tukifukuza ndege mpaka sauti zinakauka, tulihamia uwanjani kupiga makopo. Wali mpya ulinukia kila nyumba. Mama aliuza togwa karibu na goli.

Kaka yangu alikuwa nahodha. Bwana mmoja kutoka Mbeya, aliyekuwa akitafuta wachezaji, alimwambia, "Mkibeba ng'ombe, wewe unaondoka na mimi." Jamani, kaka hakulala! Jembe alikuwa halitaki, alisema wazi, na baba akawa anamcheka: "Mpira unaliwa na ugali?"

Basi wakubwa wa kijiji wakamvusha mjomba, mdogo wake mama, kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mpira aliujua, weee! Wakamwandikisha kama mtoto wa mchungaji wetu, maana wageni walikatazwa. Wakubwa wote walijua. Mimi hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Siku ya fainali wapinzani walifunga, tukarudisha. Wakafunga tena, kaka akasawazisha kwa kichwa. Mwamuzi alikuwa ameshatazama saa mara mbili mjomba alipoachia shuti kutoka mbali, kipa akabaki anaangalia. Uwanja ukavamiwa. Kaka alikuwa analia huku anacheka, nilimwona kwa macho yangu.

Bibi alitufundisha kwamba mkubwa hapitwi bila salamu. Nikampelekea mjomba kikombe cha togwa, nikapiga magoti. "Shikamoo, mjomba. Hawajambo Nakonde?"

Alishtuka, akapokea kikombe akaondoka haraka. Nyuma yangu alikuwa kiongozi wa wapinzani. Akainama kwa upole. "Mtoto una adabu wewe. Ni mjomba wako kweli?"

Nikajibu kwa maringo yote: ni mdogo wake mama, anaishi Zambia.

Jioni ile ile wapinzani wakapewa ng'ombe, na kaka akafungiwa miaka miwili. Bwana wa Mbeya aliondoka bila kuaga.

Kijiji kikauliza nani katuuza. Vidole vikamwelekea jirani yetu, mama muuza vitenge, kwa sababu alikuwa na wateja kwenye kijiji cha wapinzani. Kaka alikuwa anakula kwake kama kwao. Akaacha hata kumwamkia. Mimi nikanyamaza. Niliogopa fimbo, fimbo tu, hakuna kingine.

Mwaka uliofuata kaka alikwenda Saza kuchimba dhahabu. Shimo likamfukia.

Siku ya mazishi jirani alikuja na sufuria ya maharage kichwani, analia kuliko hata mashangazi. Wanawake wakamzuia mlangoni. "Umemuua, sasa umekuja kula msiba wake?" Akaitua sufuria chini. Akatutazama mmoja mmoja, na mimi akanitazama. Mdomo nilikuwa nao, ndugu yangu, sikuufungua.

Uwanja ule siku hizi ni shamba la ufuta. Mashindano yamekufa, vijana wa leo mpira wanautazama kwenye simu. Mjomba hakuvuka tena mpaka. Jirani alihama, na nilipopata ujasiri wa kumtafuta, nilioneshwa kaburi.

Mama bado yupo. Juzi tulikaa barazani tunachambua mchele, yeye na mimi, akaanza kumkumbuka mwanawe. Akafuta macho kwa kanga, akasema, "Yule mwanamke Mungu hatamsamehe."

Nikaendelea kuchambua mchele.